Kikombe cha Bi Salma

Jumanne, mwisho wa Agosti

Bado naona haya. Msimu ulipokwisha kocha aliniambia gadi, yule mwongoza mchezo wa mpira wa kikapu, asipoweza kuudundisha mpira kwa kushoto hana kazi, niufundishe mkono huo kila kitu, hata nyumbani. Basi tangu Juni nafungua milango kwa kushoto, napiga mswaki kwa kushoto. Kula tu ndiko sijathubutu.

Leo Bi Salma, jirani yetu hapa ughaibuni, Saltley, alikuja kumwona mama. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka tangu amalize eda ya mumewe. Nikampelekea kahawa, nikamnyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto. Wallahi sikutambua natumia mkono upi.

Alikitazama tu, hakukipokea. Mama akaninyang'anya, akampa mwenyewe kwa kulia. "Tuwie radhi, Bi Salma, huyu mtoto..."

"Mwache, mwanangu," Bi Salma akamwambia mama, taratibu. "Watoto wa huku ndivyo walivyo."

Bora angenigombeza. Nilitaka kujieleza, lakini mtu katoka kufiwa, nimwambie nini, kwamba nauzoesha mkono kwa ajili ya mpira?

Jioni nikaenda uwanjani Hodge Hill. Kila nilipojaribu kumpita mtu kwa kushoto, mpira uliniponyoka. Kocha hata hakufoka, aliandika kitu tu kwenye karatasi yake. Jumamosi anachagua timu.

Sebuleni mkono huu ulitangulia kabla sijafikiri. Uwanjani bado unanisubiri nifikiri.