Maksai Mwekundu Apite Getini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nainamisha kichwa hapa bwenini Karatu ili ukiguse, ingawa mkono wako uko Malambo. Hamjambo nyumbani? Ng'ombe wamepata majani? Yule mweusi aliyekuwa anachechemea amepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina huruma. Asubuhi tunakwenda mstarini na shuka tumezifunga chini ya sweta, na mwalimu wa zamu anajifanya haoni.

Najua Nashipai ndiye anayekusomea. Nashipai mdogo wangu, soma taratibu, na usiruke mstari hata ukiogopa.

Baba, nimesimama mbele ya watu nikasema. Unanijua mimi, wageni wakija nyumbani hukimbilia kwa ndama na kitabu changu. Wiki iliyopita shuleni kulikuwa na mdahalo, kwamba shule ziendeshwe kwa kodi na ushuru wa wananchi, au serikali itafute pesa kwingine. Rafiki yangu Paskalina, ambaye baba yake analima ngano Mbulumbulu, aliandikisha jina langu bila kuniambia.

"Utaniua," nikamwambia.

"Kufa baada ya mdahalo. Vitabu vyote hivyo unavyomeza unamwekea nani?"

Basi nikasimama. Nilisema elimu bila ada si elimu bila gharama. Chaki inanunuliwa, mwalimu anakula. Serikali haina zizi la kwake, ina kile tunachotoa sisi, na kikipungua kuna kitu kitaachwa njiani. Nikatoa mfano wa bweni la sekondari ya kwetu. Wanaume walisomba mawe, mama zetu wakabeba maji, kuta zikapanda hadi kwenye lenta, kisha tukaambiwa ushuru wa mnada umepungua, mabati yasubiri. Sasa wanalala mbuzi humo.

Hapo kijana mmoja wa kidato cha nne, ambaye boma lao liko jirani na letu, akapaza sauti: "Muulizeni baba yake anauzia ng'ombe wapi! Korongoni, nyuma ya mnada, asilipe ushuru!"

Ukumbi wote ukacheka. Mwingine akadakia, "Kumbe Wamasai mnawatorosha ng'ombe kama wana kesi!" Hata Paskalina alicheka, halafu akajiziba mdomo.

Nilitaka kuketi, Baba. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikamjibu yule kijana: "Ni kweli. Baba yangu hupitia korongoni, na baba yako humtangulia. Ndiyo maana bweni halina paa, na ndiyo maana nimesimama hapa." Kicheko kikakatika. Hatukushinda, kwa sababu waamuzi walisema sauti yangu haikufika nyuma. Lakini Paskalina anaapa kwamba ilifika.

Nisamehe kukutaja mbele ya wageni. Sikukudharau, na sitaki uisikie habari hii kwa mtu mwingine.

Najua utakachosema, maana umekisema mara nyingi: ushuru ni maziwa yanayokamuliwa kwenye kibuyu cha mtu usiyemjua. Sisemi unakosea. Mimi pia nataka kujua kibuyu hicho kinapelekwa wapi. Lakini kumbuka ukame uliommalizia ng'ombe Mzee Loshiro, mwenzako wa rika. Kila mmoja wenu alimpelekea mtamba. Waliingizwa bomani mchana, watoto tukitazama, na yule aliyeleta aliyekonda alitaniwa mpaka akarudi kumbadilisha. Hakuna aliyepitishia mtamba wake korongoni. Nikisoma vitabu vyangu vya uraia, kodi naiona hivyo hivyo. Mnatoa wote, mnatoa hadharani, na kwa kuwa mmetoa mnaweza kumuuliza Loshiro mitamba wanaendeleaje.

Siku ile ya mkutano wa kijiji, mtendaji aliposema mabati yasubiri, nilikuwa nimeketi na wanawake. Wazee wote mlitazama chini. Wewe, ambaye hujawahi kukosa neno! Nani angeuliza ushuru umekwenda wapi, wakati kila mmoja anajua mwenzake alipita wapi? Mwenye risiti mkononi angeuliza, na mtendaji angelazimika kujibu.

Nashipai anamaliza darasa la saba mwaka huu. Umeshasema hatatembea njia ile ya fisi alfajiri na magharibi kwenda sekondari, na bweni likikosa paa atabaki nyumbani. Kuhusu kutembea nakubaliana na wewe. Mimi mjomba alinichukua huku, lakini hawezi kusomesha wawili. Kwa hiyo shule ya Nashipai iko ndani ya kuta zile zisizo na paa.

Baba, unakusudia kumuuza maksai mwekundu mnada ujao. Naomba apite getini. Mchana, wenzako wakiona. Najua ushuru wake hautoshi hata misumari. Lakini ulipokuwa wa kwanza kuchanja ng'ombe, wakati wengine wanaogopa sindano, rika lako lote lilikufuata. Hili nalo watakufuata, sina shaka. Kisha mkutano ukiitwa, simama na risiti yako uulize mabati yako wapi. Sauti yako itafika nyuma.

Msalimie Mama, mwambie sweta aliyonifumia inavaliwa hata na Paskalina. Msalimie Koko, bibi yangu, anitunzie maziwa mgando. Na kaka anayechunga, mwambie redio yake sijaivunja, imenyamaza tu.

Nashipai, usiikunje karatasi bado. Mtazame Baba. Akinyamaza, mpe chai, usiseme neno. Akiuliza geti la mnada hufunguliwa saa ngapi, chukua vitabu vyako ukajisomee.

Mimi binti yako mtiifu,
Naserian