Daftari la Sukari la Mama

Emmah, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sivyo? Mama amesikia kila la mkuu, na guu lake ndilo lenye kidonda.

Tumetoka kliniki huku Dagoretti sasa hivi.

Daktari alifungua lile daftari alilomwambia Mama ajaze kipimo cha sukari ya damu kila asubuhi. Saba, sita, saba, miezi miwili mfululizo. Akamsifu, akasema dawa zibaki zile zile. Kisha akaona kidonda, akamdunga kidole apime mwenyewe.

Kumi na tisa.

Kumi na tisa, Emmah.

"Mama, umekuwa ukinidanganya?" Daktari huyo, mlango wazi, foleni nzima ikisikia.

Mama akainamisha kichwa. "Vijiti vya kupimia viliisha wiki ya kwanza, daktari. Na uliniambia nisiache mstari wazi."

Alikuwa akikisia kwa kiu. Akiamka na kiu kidogo anaandika sita, kiu ikizidi anaandika saba.

Nikamwambia daktari: "Umempa mizani bila mawe, halafu unamdai uzito. Mwongo ni nani hapo?"

Sista ametufuata hadi langoni, ati nirudi nikaombe msamaha. Mama ananivuta mkono turudi.

Siombi.