Soli ya Kitambaa na Ufunguo Kifuani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na usifikiri nimezoea kuomba, maana watu ndio huja kuniomba mimi, na ukurasa wako naujua miaka mingi kwa sababu gazeti lenu ndilo nafungia viatu vya wateja, nasoma kwanza halafu nafunga. Sikukaa sana darasani, nilitolewa kabla sijafundishwa nukta inakaa wapi, kwa hiyo ukiona sentensi haiishi vuta pumzi uendelee.

Mimi ni fundi viatu. Si muuza viatu, fundi. Karakana ni yangu, ipo nyuma ya nyumba yangu, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja ili mkataji ngozi apate mwanga, na kila kiatu kinachotoka mle nakichoma chini ya soli kwa chuma cha moto alama ya jicho, ukikanyaga udongo uliolowa jicho linabaki nyuma yako linakutazama, ndiyo maana watu wakaanza kuniita Bibi Jicho, na mimi naitika.

Sasa sikiliza. Tuna mnunuzi ng'ambo, mama mmoja mwenye maduka yake, anachukua viatu vyetu vya ngozi kuliko wateja wote wa hapa ukiwajumlisha, na anayewasiliana naye ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, maana lugha ya huko anaijua na biashara ameisomea, jambo ambalo hunikumbusha hata nisipouliza. Juzi serikali ya huko ikatangaza kwamba viatu vinavyotoka nchi za nje vinaongezewa ushuru, robo nzima ya bei, tukasikia redioni sote tukiwa karakana, nyundo zikanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nikamwambia mwanangu, kama wao wanaongeza robo na sisi tunaongeza robo, hawanifilisi hivihivi nikiwa macho, leo hii huyo mama apelekewe bei mpya. Mkwe wangu akafungua mdomo, "Lakini mama, huo ushuru..." nikamkata, "Wewe nani kakuuliza? Nilianza kushona viatu kabla mama yako hajakuzaa." Akafunga mdomo, bei mpya ikaenda.

Huyo mama akawa kimya. Yeye ambaye alikuwa anatutumia salamu mpaka za paka wake. Alipokuja kujibu, akasema kwa bei hiyo hawezi, oda anaisimamisha, labda tukimpatia njia. Na hiyo njia ndiyo iliyoniletea balaa nyumbani.

Mwanangu akaenda kwa wakala wa forodha, akarudi anang'aa utadhani kaokota kitu. Anasema huko ng'ambo viatu vya kutembelea nje ndivyo vyenye ushuru mkubwa, ila ndara za kuvaa ndani ya nyumba ushuru wake ni mdogo, na wanaijua ndara kwa kuitazama chini, soli ikiwa imefunikwa kitambaa basi ni ndara. Kwa hiyo tubandike kitambaa, kile kizito laini wanachobandika kwenye miguu ya viti isikwaruze sakafu, tubandike chini ya viatu vyangu, juu ya jicho langu, kwenye makaratasi tuandike "ndara za ndani", mteja wa huko akitembea navyo barabarani siku chache kitambaa kitatoka chenyewe, kwisha habari.

Akaniletea kimoja alichokwisha kukibandika. Mshauri, nilikigeuza nikakuta kiatu changu kimefumba jicho. Fundi mkataji, mtu ambaye kumwona meno ni kazi, akasema, "Bibi, hiki kimevaa soksi kwa nje." Wakacheka wote, na mimi kicheko kilinifika kooni nikakimeza.

Nikamuuliza mwanangu, "Mvua ikinyesha?"

"Mama, ndara hazipati mvua."

"Nimekuuliza kiatu."

"Kwenye makaratasi ni ndara."

"Na mguuni?"

Akashika kopo lake la gundi. Mkwe wangu akasema kutoka mlangoni, polepole, "Mama, mvua ya huko tuwaachie wenyewe. Hapa mafundi watakula nini?" Hapo ndipo nilipowaka. Nikawatoa wote nje, mwanangu na gundi yake, nikafunga karakana kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani na ndipo ulipo hata sasa ninavyoandika, unaniwasha. Mafundi wanakuja asubuhi wanakaa kwenye ngazi, wananiamkia kwa heshima zote huku wakinitazama kifua kama wanaotazama benki iliyofungwa. Mwanangu anakula ameinamisha kichwa. Mkwe wangu ananipakulia chakula, anasema "karibu mama", neno la pili haongezi, na mimi kugombana naye nimekuzoea, huu ukimya wake ndio unaonishinda.

Sasa niambie. Nikifungua, nabandika uongo chini ya soli zangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nisipofungua, karakana inakufa, mafundi wanatawanyika, na mkataji kama yule simpati tena. Mwanangu anasema huo ni ujanja tu wa biashara, kila nchi wanafanya. Mimi nasema uongo ni uongo hata ukigongwa muhuri. Nani mwenye haki? Usinizungushe, mimi si mtu wa kuzungushwa. Na usiniambie kila upande una haki yake, jibu hilo ulimpa yule bwana aliyegombania ukuta na jirani yake, halikumsaidia, nikafungia kiatu.

Bibi Jicho

JIBU

Bibi Jicho, shikamoo.

Sikuzungushi. Kwenye soli una haki. Kwenye bei umekosea, na kwa mkwe wako umekosea zaidi. Hizo si pande mbili, zote ni zako wewe.

Nianze na ulipopatia, maana najua ndipo utakaposoma mara mbili. Watu wa forodha wa huko hawakuzaliwa jana. Watakigeuza hicho kiatu kama ulivyokigeuza wewe, watauliza ndara gani hii ya chumbani yenye soli ya kuhimili barabara, watabandua kitambaa kwa ukucha na jicho lako litawatazama. Mzigo utazuiwa, na atakayebanwa ni yule mama aliyewaamini. Mwambie mwanao ujanja wa biashara ni kutengeneza kitu kingine kweli. Kukipa kitu kilekile jina jingine ni udanganyifu, hata kama wakala ndiye aliyemfundisha.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Unadhani ushuru ule analipa nani? Ulisikia "ushuru umepanda" ukajiona wewe ndiye unayedaiwa. Hudaiwi hata senti. Ushuru wa kuingiza mzigo hulipwa na anayeupokea, hukohuko kwake, kabla hajaruhusiwa kuugusa. Yule mama alikuwa ameshaikabili robo ya serikali yake, hajajua ataimezaje, ukamwongezea robo yako. Na kibaya zaidi, ushuru wa kule unahesabiwa juu ya bei yako, kwa hiyo ulipopandisha bei ulimpandishia na ushuru. Ulimpiga kofi, kofi likazaa. Halafu unashangaa salamu za paka zimekatika!

Na mle karakana alikuwemo mtu mmoja aliyelijua hilo. Alifungua mdomo akaanza kusema, "Lakini mama, huo ushuru..." Umechoma jicho chini ya kila soli, mama yangu, masikio uliyaacha wapi?

Sikucheki. Wengi wanaamini hivyohivyo, wakiwemo wenye tai shingoni. Serikali ikitoza bidhaa za wageni hujigamba kwamba wageni ndio watakaolipa, wakati kofi la kwanza linampata mfanyabiashara wa kwake, yeye anamsukumia mteja kidogo, anakusukumia wewe kidogo, mpaka linafika kwenye ngazi walipokaa mafundi wako. Ushuru ungekuumiza, ndiyo. Lakini ungekuumiza kiasi cha watu kukaa mezani wakapatana. Oda yako imesimamishwa na ile robo uliyoiongeza mwenyewe.

Kwa hiyo rudisha bei ya zamani, leo, si baada ya kuwaza. Mkwe wako ndiye amwandikie yule mama, kwa maneno yake, na wewe usisimame nyuma ya kiti chake. Amweleze kwamba mlikosea, kisha waongee namna ya kuugawana huo mzigo: yeye apunguze faida kidogo, nanyi mpunguze kidogo, bei ya dukani ipande kidogo. Usikubali kuubeba wote, maana huo ni ushuru wa nchi yake. Lakini usikatae kuushika hata kwa kidole.

Kama mwanao amependa sana ndara, basi atengeneze ndara. Nyepesi, ngozi laini, soli ya kitambaa iliyoshonwa, kitu ambacho mtu akitoka nacho nje atajiona kituko. Wakala aombe forodha ya huko itoe uamuzi wa maandishi kwamba hizo ni ndara, kabla mzigo haujapanda meli. Hizo utaziuza kichwa juu, na jicho lako ulichome kwa ndani, pale kisigino kinapokaa. Na tafuteni mnunuzi wa pili na wa tatu, hata nchi jirani, hata wa mtaa wa pili. Karakana nzima kumtegemea mama mmoja na paka wake, huo ulikuwa udhaifu tangu zamani, tangazo la redioni limewaonyesha tu.

Ukurasa huu usifungie kiatu kabla hujafanya lililobaki. Msamaha wa hotuba hutauweza, nakusoma kwenye mwandiko wako. Kesho asubuhi, mafundi wakiwa kwenye ngazi, toa huo ufunguo kifuani, mpe mkwe wako mkononi mbele yao, afungue yeye. Mkishaingia, muulize siku ile alikuwa anataka kusema nini.

Kisha nyamaza mpaka amalize.