Ngazi ya Juu

Jumanne, 3 Juni

Leo nimesoma vipimo vya presha mara kumi na mbili, saa kwa saa. Namba hazibadiliki. Naziandika hivyo hivyo. Hii ndiyo kazi niliyoililia miaka miwili, diploma ya umeme ikichakaa sandukuni.

Jukwaa letu ni chuma tupu katikati ya ziwa. Sakafu tatu, watu kumi na mmoja. Bomba linashuka vilindini, linavuta maji, maji yanatoa gesi, gesi inakwenda nchi kavu kuwa umeme. Umeme huo haujafika kwetu Murara, mjini Goma. Mama anasema nikiwa mkubwa huku nitauvuta mwenyewe. Sawa, Mama.

Chakula kizuri. Sombe, majani ya muhogo, na samaki. Mpishi ni Mama Vumilia, naye wa Murara, nyumba ya nne kutoka kwa mjomba wangu. Tulifika jana kwa mashua moja, wote wawili wageni wa kazi. Ananiita "ingénieur". Sijamkatalia uhandisi huo.

Simu zimebaki bandarini. Wanasema cheche moja tu na sote tunageuka brosheti, mishkaki mitupu. Nimebaki na daftari hili.

Jumatano, 4 Juni

Mama Vumilia kanishukuru tena kwa ajili ya juzi. Niandike ilivyokuwa.

Tulipofika, mkuu wa usalama alitusomea kanuni. Kurasa nne, Kifaransa, mbio mbio, upepo ukimpokonya karatasi. Mimi nilikuwa natapika ubavuni kwa mawimbi. Nilisikia nusu: gesi, king'ora, ngazi. Mama Vumilia hajui Kifaransa, wala hakusoma. Akanivuta mkono: "Mutoto, banasema nini?"

Nikamwambia: "Banasema gaz ikitoka, sirène italia. Weye panda juu mbio mbio. Usibakie chini."

Akaitika. Akachora msalaba wake kwenye karatasi kwamba ameelewa. Nami nikatia sahihi kwamba nimeelewa.

Sikuhitaji kusikia nusu ya pili. Mtu wa Goma hafundishwi gesi. Mazuku tunayo tangu tumboni. Inatoka ardhini, haina rangi wala harufu, inalala mabondeni ikingoja. Dada yangu Neema aliinama kuokota kuni kwenye shimo kule Munigi. Hakuinuka. Baba alinitupa mabegani akakimbia nami hadi barabarani. Nilikuwa na miaka saba. Tangu siku hiyo sheria ya nyumbani kwetu ni moja. Panda juu.

Nimefurahi kumpa mtu kitu cha maana. Wiki ya kwanza tu.

Jumapili, 8 Juni

Niko nyumbani. Wenye diploma tumeteremshwa kwa kozi ya wiki mbili, zamu nyingine ikashika nafasi zetu. Kozi baada ya kuanza kazi! Huku ni kuoga kisha kutafuta maji. Mama Vumilia anabaki jukwaani hadi tarehe 22. Alinipungia mwiko wakati mashua inaondoka.

Mama amenipikia kana kwamba natoka vitani. Nimekula mpaka nimeona haya.

Jumatatu, 9 Juni

Kozi. Mwalimu kachora mishale miwili ubaoni. Gesi ya mazuku ni nzito, mshale chini. Gesi yetu ya jukwaani ni nyepesi, mshale juu. Akagonga chaki kwenye sakafu ya tatu. Pale, akasema, ndipo pabaya kuliko pote. King'ora kikilia, kila mtu ashuke sakafu ya chini, upande upepo unakotoka, penye mashua.

Wenzangu waliandika. Mimi niliukodolea macho ule mshale.

Nimemtuma yule mama apande kwenye gesi.

Jumanne, 10 Juni

Sijalala vizuri.

Simu hana. Radio anashika mkuu wa usalama peke yake. Barua hawezi kusoma, na atakayemsomea ni yule yule mkuu. Nikienda ofisini kusema, wataniuliza nani alinituma nitafsiri. Niko kwenye miezi mitatu ya kujaribiwa. Naye vilevile. Watasema basi mpishi alitia alama kwenye kitu asichokielewa. Nje wote wawili.

Nimepita mbele ya geti la ofisi mara mbili. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana.

Mwoga mimi. Nimeliandika ili nilione.

Jumatano, 11 Juni

Nilikwenda bandarini kwa Papa Kambale, anayepeleka vyakula jukwaani kila Alhamisi. Nikamwomba amwambie Mama Vumilia maneno mawili tu: gesi ikitoka ashuke, asipande.

Akacheka hadi akashika mbavu. "Ashuke wapi, mu maji? Weye ni mutoto wa hapa kweli? Gaz iko chini!"

Nikamweleza habari ya mishale. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mtu aliyelewa asubuhi. Mwishowe akasema, "Ntamuambia." Kwa sauti ile ya kumtuliza mtoto.

Hatamwambia. Au atamwambia huku anacheka, na hilo ni baya zaidi. Nimempa neno langu kwamba kesho nakwenda naye mwenyewe. Kozi nitaikimbia. Kwa mara ya kwanza tangu juzi nimekula.

Alhamisi, 12 Juni

Bandari imefungwa. Amri imetoka, hakuna mashua ziwani hadi itakaposemwa vingine. Sababu hatukupewa, nasi hatukuuliza. Hapa mtu huzoea.

Papa Kambale alikuwa ameketi juu ya mapipa anakula karanga. Kabichi na vitunguu vya jukwaani vimelala juani. Nikamwuliza kama hakuna njia. Akasema njia ipo, ni kuogelea.

Kutoka ufukweni unaona ule moto wao mdogo, ule wa kuchoma gesi inayozidi. Nukta ya rangi ya chungwa juu ya maji. Ukiwaka hivyo, mambo ni sawa. Nimeutazama hadi macho yakatoa machozi. Unawaka.

Ijumaa, 13 Juni

Bado imefungwa.

Mficha uchi hazai, Mama husema. Nikaingia ofisini. Nikamwambia karani nina jambo la usalama, linahitaji radio, sasa hivi. Akasema mkuu wa usalama yuko jukwaani na ziwa limefungwa. Nikasema ndiyo maana nataka radio. Akasema jambo la usalama huandikwa kwa barua, nakala mbili. Nikaandika nakala mbili. Mpishi Vumilia, king'ora kikilia, ashuke, asipande. Kosa ni langu. Akagonga muhuri, akaitia kwenye trei.

"Juma lijalo," akasema.

Nilitaka kupindua ile meza. Nilisema aksanti.

Jumamosi, 14 Juni

Moto haupo.

Saa tisa mchana ulikuwapo. Saa kumi haupo. Wanawake waliendelea kufua. Vijana waliendelea kuosha pikipiki. Nilimwuliza mmoja kama anauona moto kule. Akasema moto gani.

Nikaingia majini na viatu hadi magotini. Sijui nilitaka nini huko. Nilikaa hadi watu wote wakaondoka, na bado haukuwaka.

Nimeomba. Sikuwa nimeomba tangu Neema.

Jumapili, 15 Juni

Misa. Sikusikia neno. Mama akaniuliza tukitoka nani amekufa. Nikamwambia sijui. Akanishika kiwiko njia nzima, kama nilipokuwa mdogo.

Moto haupo.

Jumatatu, 16 Juni

Ziwa limefunguliwa saa mbili. Saa nane Papa Kambale akarudi, nikamshika kabla hajafunga kamba.

Yuko hai. Naandika tena. Mama Vumilia yuko hai.

Jumamosi valvu moja ilivuja, wakazima mitambo na moto. King'ora kikalia. Watu kumi wakashuka penye mashua. Wakahesabiana: kumi. Mpishi hayupo. Wakamwona yuko sakafu ya tatu, juu kabisa, kitambaa puani, na kuku wawili wa Jumapili kwapani. Hakutaka wafie chini. Fundi mmoja akavaa barakoa akapanda kumshusha. Mama akaung'ang'ania mlingoti. Anamwambia yule fundi naye abaki, chini kuna kifo. Ikabidi abebwe, na kuku wake.

Upepo wa Juni ulikuwa mkali. Uliikamata gesi ukaitupa upande mwingine. Upepo tu. Hakuna mtu aliyefanya kitu.

Nikakaa mchangani nikacheka kwa ajili ya kuku. Kisha nikalia, na Papa Kambale akajifanya anatafuta bisibisi.

Halafu nikaona aliyeteremka nyuma ya mapipa. Mama Vumilia, na furushi lake. Wamemfukuza. Alipita bila kuniona, au alijifanya.

Jumanne, 17 Juni

Nimesema yote. Kwa mkuu wa wafanyakazi, mlango umefungwa, nimesimama. Nilitapika, sikusikia, nilitafsiri, nilikosea. Mimi.

Alinisikiliza vizuri. Hilo ndilo baya. Akafungua faili, akageuza karatasi nione ule msalaba. Akasema alama ni ya mpishi, jina langu halipo popote. Walimwuliza Mama Vumilia nani alimfundisha kupanda. Alijibu: "Hakuna mutu. Ni bongo yangu tu."

Nikasema bongo yake ni mimi. Akatabasamu. Faili imekwisha kufungwa, akasema, lakini tukio limetupa funzo, kanuni zinahitaji Kiswahili. Je, naweza kuziandika? Ninaonekana kijana makini.

Barua yangu ilikuwa bado kwenye trei pale mapokezi. Na muhuri wake.

Nimekubali kuandika. Sijui kama ni kwa ajili ya Mama Vumilia au kwa ajili ya kazi. Nadhani ni kwa ajili ya kazi.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda kwa Mama Vumilia. Amerudi kukaanga maandazi mbele ya nyumba, pale pale alipokuwa kabla ya jukwaa. Binti yake mkubwa anamsaidia. Huyo ndiye aliyekuwa aanze chuo cha uuguzi mwezi wa tisa.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yaliisha yote mlangoni. Nikasema, "Mama, ni mie nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Ulinipa ile ulikuwa nayo."

Nikamwuliza kwa nini hakutaja jina langu. Akanisogezea kigoda. "Banifukuze mie, na weye pia? Itanisaidia nini? Kunywa chai."

Nikanywa. Ningependa anitukane. Matusi mtu huyabeba akaondoka nayo.

Baadaye akaniuliza kama kweli ile gesi inapanda. Nikamchorea mishale mavumbini, mmoja chini, mmoja juu. Akaitazama muda mrefu, mwiko mkononi.

"Hapana," akasema. "Banakudanganya, mutoto."

Sikubishana. Alimjua Neema.

Jumapili, 22 Juni

Nimemaliza kanuni kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja badala ya minne. Mstari wa kwanza: Gesi hii si mazuku. Inapanda. Shuka.

Nimemsomea mama yangu kwa sauti. Akasema imeandikwa vizuri sana. Nikamwuliza, king'ora kikilia utakwenda wapi? Akasema juu.

Jumatatu, 23 Juni

Nimerudi jukwaani. Moto unawaka. Vipimo ni vile vile.

Mpishi mpya ni Mama Solange wa Munigi. Karatasi yangu imebandikwa ukutani jikoni, na yeye anajua kusoma. Aliisoma yote, kidole mstari kwa mstari. Akasema ameelewa. Akatia sahihi. Kisha nikamwona anainua macho, anapima ngazi ya juu, ina hatua ngapi kutoka jikoni.

Nikamshika mkono. Nikamshusha ngazi ya chini, pole pole, hadi penye mashua. Pale maji yanagonga chuma na miguu inalowa. Nikamwambia ni hapa. Alisimama ameng'ang'ania sketi yake.

"Kwetu Munigi," akasema, "chini njo watu banafia."

Nikamwambia najua. Tukakaa pale, tukitazama maji, mpaka akakumbuka maharagwe yake.