Kofia ya Baba Kwenye Jabali la Ndege

Wewe! Acha unachofanya usome. Dada yangu mwalimu leo nusura azimie.

Tumekuja kisiwani, familia nzima, yaani Baba, Dada na mimi tuliobaki tangu Mama afariki, kuona magofu na lile jabali wanakotagia ndege wa baharini. Baba akapotea. Tunamwita, kimya. Dada akachungulia ukingoni, akaona kofia ya Baba kule chini, katikati ya ndege.

KOFIA YA BABA! Alipiga yowe mpaka ndege wote wakaruka. Akakaa chini kwenye mawe, analia, "Baba yangu ameanguka! Baba yangu mie!"

Mara Baba huyo anatoka kwenye magofu, kichwa wazi, anatafuna biskuti. Anauliza, "Nani amekufa?"

Naapa. "Nani amekufa?"

Eti upepo ulichukua kofia, "basi tukaamua kukaa kivulini."

Dada akafuta machozi. "Tukaamua? Wewe na nani?"

Nyuma ya ukuta akajitokeza mama mmoja anakung'uta vumbi kwenye gauni. Mwalimu mkuu wa Dada! Yule yule ambaye Dada alimpigia simu asubuhi, anakohoa kwa nguvu, kuomba ruhusa ya ugonjwa!

Wakatazamana. Mama wa watu akasema taratibu, "Mwalimu, wewe uko kitandani. Mimi niko semina. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madam."

Baba uso ukamnawiri. "Kumbe mnafahamiana!"

Sasa tuko kwenye boti, nimejibana nisicheke. Dada kaninong'oneza: "Kesho shuleni nimwiteje? Madam au Mama?"