Mpaka Ambao Hukuutembea

Baba yangu mpendwa,

Mvua ya Mpuguso haijabadilika tangu ulipotuacha. Jana ilinirudisha nyumbani na matope hadi magotini, nikitokea shambani kwa Bibi Sekela. Utacheka nikikwambia nilikwenda kama mwenyekiti wa kitongoji. Ndiyo, mimi, uliyekuwa ukiniita msemaji wa jikoni. Wamenichagua.

Wazee walipenda kukuita fumu, kama wakuu wa vijiji wa enzi za babu, nawe ukajifanya umekasirika huku umevimba kichwa. Nakukumbuka umekunja suruali, umewatanguliza wagomvi wa mipaka kwenye migomba. "Maneno baadaye," ulikuwa ukiwaambia. "Tutembee kwanza." Mama alichoka kuosha viatu vyako.

Siku moja tu hukutembea. Baba Mdogo alidai migomba sita ya Bibi Sekela, mjane asiye na wa kumsemea, ukampa ndugu yako ukiwa umekaa barazani na kikombe cha chai mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika birika. Hukunitazama, nami sikusema neno. Hadi leo naona haya.

Wiki iliyopita Bibi Sekela alinijia. "Sikuja kumsema marehemu," alisema. "Nimekuja twende tukatembee."

Jana tulikwenda, pamoja na wazee. Mawe ya mpaka wa zamani tuliyakuta chini ya majani makavu, na migomba yote sita ilikuwa upande wake. Baba Mdogo akaniuliza mbele ya kila mtu, "Kwa hiyo umeamua kumvua nguo baba yako?"

Nilikupenda mno, Baba, na pale ningetoa chochote nisiseme. Nikasema, "Baba alikosea. Migomba ni ya Bibi Sekela." Kisha nikalia, mwenyekiti mzima.

Baba Mdogo aliondoka bila kuaga, na leo asubuhi hakuitikia salamu yangu. Inaniuma, sikufichi.

Lakini Bibi Sekela alinifuta machozi kwa kanga yake. "Nyamaza, mwanangu," akasema. "Baba yako nilishamsamehe. Kila msimu alikuwa anakuja na jembe, ananipalilia shamba lililobaki, hasemi kitu, anaondoka."

Sikujua, Baba. Hata Mama hakujua.

Pumzika sasa. Msimu huu nitampalilia mimi.

Binti yako wa kwanza