Neno la Mvua Usiniulize Mimi

Mjukuu wangu Tusekile,

Hatujambo, ila babu yako anakohoa na dawa hataki. Wewe mtafuta maneno ya kale ya lugha yetu, Kindali, unashangaa neno langu la mvua halifanani na la majirani. Lifute daftarini! Baba mkwe wangu alipewa jina la mvua, na kwetu mke hataji jina la mkwe, hata inyeshe. Nikiwa mwali, mawingu yalitanda mahindi yakiwa yameanikwa uani; ilibidi niwaonye wenzangu bila kumtaja mkwe, nikapiga kelele, "Cha juu kinakuja!" Mama mkwe akacheka: "Umepona, mwali!" Wanangu wakaiga, na ndilo hilo ulilolisikia kwangu.

Majirani wamechanganya lugha, na babu yako kazoea langu hadi kalisahau; neno lenyewe analo wifi yangu wa Tunduma, aliyezaliwa humu, binti asiyekatazwa kulitaja. Amedhoofika sana. Panda basi kesho, acha uvivu! Mkwe alishakufa, lakini jana nilijaribu kulitamka, peke yangu shambani. Mdomo ulikataa.

Bibi yako, Mbebe